Mbachao na Msala Upitao

Mwezi wa Oktoba ukiingia katika milima yetu ya chai, hakuna haja ya kutazama kalenda. Wakulima wadogo wa shirika la chai la KTDA hupokea bonasi, na kabla juma halijaisha utaziona pikapu zikipanda kutoka mjini, zikiteleza kwenye matope ya Litein na Mogogosiek, zimebeba sofa zilizovikwa nailoni. Wala si haramu. Aliyeamka alfajiri mwaka mzima kuchuma majani mawili na kichipukizi ana haki ya kukaa mahali laini. Ninalolilia mimi ni kile kinachotolewa kwa mlango wa nyuma wakati sofa inaingizwa kwa mlango wa mbele.

Hutolewa ng'echeret, kile kigoda cha miguu mitatu alichokalia babu. Hutolewa kisyet, kikapu cha kupakulia ugali wa wimbi, nafasi yake ikachukuliwa na sahani ya plastiki. Sotet, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, hunusurika, lakini hunusurika vibaya: hupakwa vanishi, kikatundikwa kwenye msumari juu ya televisheni, na tangu siku hiyo hakitiwi maziwa tena. Kimekuwa maiti iliyopambwa.

Mimi mwenyewe si wa kuwanyoshea wengine kidole. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kabati jeupe, linang'aa, lililotengenezwa kwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Waliosema kipya kinyemi ingawa kidonda walikuwa wakinisema mimi. Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua hunyesha karibu kila alasiri, na unyevu huingia hata ndani ya masanduku ya nguo. Misimu miwili ya mvua haikuisha kabla ya kabati langu kuumuka miguuni kama andazi. Kando yake kilisimama kigoda cha mama, kilichochongwa kutoka gogo moja, hakina msumari wala gundi, nacho hakikuwa na habari na mvua.

Hebu tukitazame kigoda hicho kwa makini, maana tumekizoea hata hatukioni. Kwa nini miguu mitatu? Kwa sababu sakafu ya udongo haikuwa sawasawa, na kitu cha miguu mitatu hukanyaga chini kwa miguu yote popote utakapokiweka, ilhali kiti cha miguu minne hutafuta kipande cha karatasi cha kukunjwa na kuwekwa chini ya mguu mmoja. Na sotet je? Kibuyu hukaushwa, hutolewa mbegu, huloweshwa mpaka uchungu utoke. Kisha husuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, kwa ufito uitwao sosiot, na makaa hayo ndiyo yanayoyapa maziwa rangi ya kijivu na ladha ambayo wanariadha wetu hupokewa nayo uwanja wa ndege. Kauri, shanga na ngozi zilizo nje ni pambo, ndiyo, lakini ni pambo juu ya chombo kinachofanya kazi. Ukikipaka vanishi umeondoa kazi ukabakiza pambo, kisha unaita hiyo heshima kwa mila.

Najua atakayenijibu: "Mzee, unataka kuturudisha kwenye nyumba za moshi?" La hasha. Nimeona macho ya akina kogo, bibi zetu, yaliyoharibiwa na moshi ule, na siutamani. Wala sisemi kila kilicho kipya ni kibaya. Nasema kipya na cha kale vinaweza kukaa katika chumba kimoja, kila kimoja kikifanya kazi yake.

Anayetaka ushahidi asiende mbali. Aende mjini Kericho, aingie katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka 2015. Wasanifu wake ni ofisi ya John McAslan ya London, na linachukua watu wapatao 1,500. Umbo lake ni la kisasa kabisa: paa moja refu linaloteremka kama mgongo wa kilima. Lakini paa hilo limeezekwa kwa vigae vya udongo, na ndani mbao nyembamba zimepangwa mbavu kwa mbavu, mwanga ukipenya katikati yake. Mgeni kutoka London aliona thamani ya udongo na mbao za kwetu. Sisi tunaoishi juu ya udongo huo tunafunika dari zetu kwa jipsamu, ikaota ukungu kila Aprili. Lipo hapo jambo la kuonea haya kidogo.

Kosa jingine ni la mfukoni. Dukani, bei ya sofa ikitajwa, tunatoa simu tukalipa. Kwa mama anayeshona shanga kwenye shingo ya kibuyu siku tatu nzima, tunaanza: "Kogo, punguza." Akipunguza mara tano, binti yake anayemtazama anajifunza jambo moja tu, kwamba kazi ile hailipi, naye anakwenda kuuza salio la simu. Halafu tunaandika barua kwa wahariri kwamba vijana wamepuuza mila!

Kwa hiyo nakusihi, ewe mwenye bonasi: kabla ya kupanda matatu kwenda mjini, pita kwa seremala wa sokoni kwenu. Mkaratusi na saipresi anazo, au anajua zilipo. Mwambie akuchongee ng'echeret, lakini kimoja akipandishe kifike urefu wa meza ya jikoni, watoto wakalie wakifanya kazi za shule. Ukijenga, usiisahau tabut, ile dari ya juu ya jiko tuliyokuwa tukihifadhia mahindi. Weka ngazi nzuri na dirisha, uone kama hujapata chumba kizima kwa bei ya mbao. Sofa inunue pia, ukipenda. Na kile kibuyu kilicho juu ya televisheni kiteremshe. Kama vanishi haijafika ndani, huenda bado kinafaa. Mpelekee kogo akikague, na uende na makaa.