Beringi Iliyochakaa na Somo Tulilolikosea

Yapo maoni, nasi tumeyasikia hata katika chumba cha wakufunzi, kwamba mwalimu wa shule ya msingi hana haja ya kujua jinsi beringi ya mashine inavyobadilishwa. Kazi hiyo, husemwa, ni ya fundi mwenye ovaroli iliyolowa grisi; ya mwalimu ni chaki na ubao. Sisi hatukubaliani na maoni hayo. Tunaeleza sababu zetu hapa kwa kuanza na jambo lililotokea mbele ya macho yetu, jambo ambalo, tukisema kweli, lilitufedhehesha.

Bweni jipya lilikuwa likijengwa chuoni kwetu. Mkandarasi alileta mashine ndogo ya kuzolea kifusi, yenye kijiko mbele na magurudumu manne, na wanachuo hawakukawia kuiita kifaru. Asili ya mashine za namna hii ni Marekani. Mwaka 1957 ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, waliokuwa na karakana yao Rothsay katika jimbo la Minnesota, walimtengenezea mfugaji wa bata mzinga mashine ya kuzoa samadi ndani ya banda lenye nguzo nyingi, mahali ambapo trekta halikuweza kugeuka. Ile ya kwanza ilikuwa na magurudumu matatu. Ya magurudumu manne ilifuata mwaka 1960.

Ndugu mwanachuo, itazame mashine hiyo inavyogeuka, maana hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Magurudumu yake hayapindi kama ya gari. Upande wa kushoto una mota yake inayosukumwa na mafuta yenye shinikizo, na upande wa kulia una yake. Katika mashine nyingi, kila mota huzungusha magurudumu mawili ya upande wake kwa cheni zilizofungiwa ndani ya sanduku lenye mafuta. Dereva akitaka kwenda kulia, huongeza mwendo wa kushoto, au huurudisha nyuma upande wa kulia. Mashine hugeuka, lakini matairi hukwaruza ardhi kwa ubavu. Kila mkwaruzo huo huisukuma ekseli kando, na beringi inayoishika ekseli hubeba mizigo miwili kwa pamoja: uzito unaotoka juu na msukumo unaotoka ubavuni. Ndiyo sababu hutumiwa beringi za vigogo vya chuma vilivyochongoka kidogo upande mmoja, ambazo Henry Timken alizipatia hataza huko Marekani mwaka 1898. Beringi ya gololi, ambayo Philip Vaughan wa Wales aliipatia hataza mwaka 1794 kwa ajili ya ekseli za magari ya farasi, ni nyepesi kuzunguka, lakini msukumo mkubwa wa ubavuni huichosha upesi.

Gurudumu la nyuma la kulia la kifaru chetu lilianza kunguruma. Akaja fundi kijana, akafungua, akagonga, akafunga. Kabla hajaondoka alitujia, akainamisha kichwa: "Shikamoo, mwalimu. Umenisahau?" Alikuwa mwanafunzi wetu wa darasa la saba, zama zile tulipokuwa tukifundisha shule ya msingi, kabla hatujaja chuoni. Tulifurahi kumwona ana kazi yake mkononi.

Baada ya majuma matatu ngurumo ilirudi, na safari hii gurudumu lilicheza likitikiswa kwa mkono. Kazi ikasimama, masika yakaingia, bweni halikuezekwa, na wanachuo wa mwaka wa kwanza walilala wawili wawili kitanda kimoja mpaka mvua zilipokwisha.

Mara ya pili mkandarasi alileta fundi mzee, na yule kijana akaja kumsaidia. Tuliomba ruhusa, tukalileta darasa zima la mwaka wa pili kushuhudia, likisimama nyuma ya kamba. Mzee yule hakushika spana kwanza. Alimwambia kijana, "Mwanangu, kabla hujafungua niambie imekufa kwa maradhi gani." Kijana alinyamaza.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mashine iliwekwa juu ya sakafu tambarare, kijiko kikashushwa hadi chini, injini ikazimwa, na ufunguo mzee akautia mfukoni mwake mwenyewe. Magurudumu ya upande wa pili yalizuiliwa kwa kabari. Upande wa kulia ukanyanyuliwa kwa jeki, kisha ukategemezwa kwa stendi madhubuti, maana jeki ni ya kunyanyulia tu, si ya kulala chini yake. Mzee alieleza pia kwamba alazimikaye kufanya kazi huku mikono ya kijiko imeinuliwa, sharti aifunge kwa nguzo yake maalumu. Bomba la mafuta likipasuka, mikono hiyo hushuka na haimngoji mtu. Wako waliokufa chini yake. Hapo darasa lilitulia kuliko linavyotulia wakati wa mtihani.

Gurudumu likatolewa, mafuta yakamwagwa katika debe safi. Mzee akatumbukiza sumaku ndani ya debe, ikatoka imeota ndevu za chembechembe za chuma. Cheni ikaachwa, nati ikafunguliwa, ekseli ikavutwa nje. Beringi iling'olewa kwa kile kifaa cha kuvutia ambacho mafundi hukiita pula, wala si kwa nyundo. Kisha mzee akaiosha, akaikausha kwa kitambaa, akakaa juu ya tofali, akaanza kuisoma.

Tunasema kuisoma, wala hatutumii neno hilo kwa kupamba. Beringi iliyochakaa ina maandishi yake. Uso uliomenyeka vigaga waonyesha chuma kilichochoka kwa mzigo. Rangi ya buluu au ya hudhurungi iliyoungua ni alama ya joto kali, mara nyingi kwa kukosa mafuta. Uso uliofifia kote kama kioo kilichosuguliwa kwa mchanga umeliwa na vumbi. Kutu ni maji. Na vishimo vilivyopangana, umbali baina yao ukiwa sawa na umbali baina ya kigogo na kigogo, ni nyundo: mtu aliigonga beringi kwenye pete isiyostahili, na nguvu ya pigo ikapita katikati ya vigogo mpaka kwenye pete ya pili.

Beringi ya kifaru chetu ilikuwa na vishimo hivyo, tena ilikuwa na kutu. Kijana aliulizwa, akakiri kila kitu bila kujitetea. Aliigonga. Alibadilisha pete ya ndani pamoja na vigogo vyake, akakiacha kikombe cha zamani kwa kuwa kilionekana kizima. Kumbe viwili hivyo huvaliana na yafaa vibadilishwe pamoja. Alitia sili mpya, lakini hakupitisha ukucha juu ya ekseli mahali mdomo wa sili unapokaa. Mzee aliupitisha wake, ukanasa katika mfereji mwembamba. Hapo ndipo maji ya matope yalipokuwa yakiingia, na hata sili kumi mpya zisingeyazuia. Ekseli ilivikwa pete nyembamba ya chuma juu ya mfereji ule. Beringi mpya ikapashwa moto ndani ya mafuta, nyuzi 100 hivi, na mzee akaonya isipite 120 wala isiguswe na mwali. Pete ikatanuka, ikateleza hadi mahali pake bila pigo hata moja. Nati ilikazwa huku ekseli ikizungushwa, kwa kipimo cha kitabu cha mashine: ikilegea, vigogo hugongana, ikibanwa mno, huungua.

Tulipomwuliza kijana faraghani ni nani aliyemfundisha kugonga, alijibu kwa upole ambao hatutausahau: "Mwalimu, nilionyeshwa kugonga. Kwa nini nisigonge hapa nigonge pale, sikuambiwa." Alikuwa akimsema fundi wake wa kwanza. Lakini sisi tulikumbuka daftari lake. Katika zoezi la baiskeli alichora mchoro safi, akaandika majina ya sehemu zote kwa mwandiko wa kupendeza, nasi tukampa alama 18 kati ya 20. Katika mwaka mzima hatukuwahi kumpa habu ya baiskeli aishike mkononi.

Mtu angedhani baada ya hapo tulikwisha kujifunza. La! Juma lililofuata tuliingia darasani, tukaandika ubaoni hatua kumi na nne za kubadilisha beringi, tukawataka wanachuo wazikariri. Walizikariri vizuri sana. Kisha mwanachuo mmoja, binti asiyesema mara nyingi, akauliza kwa nini nguvu itiwe kwenye pete ile inayobana tu. Hapana aliyejibu, ingawa wote walikuwa wameandika hivyo katika hatua ya kumi na moja.

Tulifuta ubao. Tukaweka kitabu kizito juu ya meza tukamtaka mmoja akisukume kwa kidole. Kisha tukaweka penseli sita za mviringo chini yake akisukume tena. Tukachukua vifuniko viwili vya makopo, tukatia gololi za watoto baina yake, tukaweka tofali juu, likazunguka kwa pumzi ya kidole. Tukanyunyiza mchanga kidogo, likakwaruza. Tukafungua habu ya baiskeli ya mlinzi wa chuo, kwa idhini yake, na kila kundi likahesabu gololi, likazifuta, likatazama kikombe chake na kusema kimeumwa nini. Mwisho kabisa ndipo wanachuo walipoziandika hatua za kazi wao wenyewe. Hazikuwa kumi na nne, na mpangilio wao ulikuwa bora kuliko wetu.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: katika somo lolote la kazi, tuanze na kilichoharibika, tuwape wanafunzi wakishike na wakitazame, waseme sababu, ndipo tufike kwenye utaratibu. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka kazi na elimu vishikamane. Mara nyingi sisi walimu tumevishikamanisha kwa kuwatuma watoto kulima tu, na mara nyingine kwa kuwachorea jembe ubaoni.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. Darasa lina watoto sitini na vifaa hakuna. Lakini baiskeli moja ina habu mbili, na gereji yoyote ya mjini ina ndoo ya beringi zilizokufa ambazo fundi atakupa bure ukimwomba kwa adabu. Pingamizi la hatari lina uzito zaidi, nasi twalikubali lote: mtoto wa shule ya msingi asikaribie mashine ya kijiko iliyofunguliwa, hata kwa kutazama. Habu ya baiskeli inamtosha. Pingamizi la tatu, kwamba wasichana hawapendi grisi, hatulijibu. Aliyeuliza swali lile la hatua ya kumi na moja amekwisha kulijibu.

Beringi ile mbovu tuliombewa na mzee, nayo imo katika kabati la vifaa pamoja na kikombe chake chenye vishimo. Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha na aje aiazime kwa kuandika jina katika daftari lililo juu ya kabati. Airudishe imepakwa mafuta, maana tayari imeanza kuota kutu upya, kutu ambayo haimo katika habari yake ya kwanza.