Uvumi wa giza wa 2025 na hatari ya miwani bandia 2027

Mwaka 2025 zilisambaa habari, na baadhi ya vyombo vikazirudia bila kuhakiki, kwamba dunia nzima ingekuwa giza kwa dakika sita Agosti 2. Siku ilifika, jua likawaka kama kawaida.

Kilichowaudhi wapenzi wa elimu ya nyota ni kwamba tarehe ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni mwaka na eneo. Jua litapatwa kikamilifu Agosti 2, 2027, na karibu na Luxor, Misri, giza litazidi dakika sita. Lakini litapita kwenye ukanda mwembamba tu: kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia. Kenya, Uganda na Tanzania zitaona jua likimegwa tu.

Kwa mfanyabiashara, tofauti hiyo ni pesa. Mwaka 2016 watu walimiminika Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama tukio kama hilo. Mwaka 2027 miwani maalumu itatafutwa, na bandia haitakosa kuvuka mipaka. Miwani ya kawaida ya jua haikingi macho. Inayofaa hubeba alama ya ISO 12312-2, ila alama nayo hughushiwa. Muhimu ni kumjua anayekuuzia.

Hasara kubwa ya uvumi huja baadaye. Aliyedanganywa 2025 anaweza kupuuza tahadhari ya kweli 2027, na jua huunguza jicho bila mtu kuhisi maumivu.