Kitambi cha Mheshimiwa: nani kasema kushibisha ndiyo kupenda?

Ndugu zangu, leo siandiki habari za ufisadi wala bei ya mahindi. Naandika habari za sungura. Najua wapo watakaosema mwandishi kaishiwa. Chekeni tu, ila mkishamaliza mnijibu swali moja: hivi nani alitufundisha kwamba kiumbe akinenepa mpaka anashindwa kujikuna, basi huyo kapendwa?

Kisa chenyewe ni hiki. Rafiki yangu wa Sumbawanga mjini alihamishwa kikazi, akaniachia sungura wake. Dume jeupe, macho mekundu, shingo haionekani. Watoto wa nyumbani walimpachika jina la Mheshimiwa siku ileile, na ukimwona huulizi sababu. Kitambi kinatangulia, mwenyewe anafuata. Nilimtia kwenye tenga, tukapita Ntendo, tukateremka Lyamba lya Mfipa hadi Muze, na jua likiwa la utosi tukaingia Mtowisa, nyumbani.

Nikampima kwa mizani ya muuza mchele. Kilo 6 na robo! Dume wa aina hii, wale weupe wanaoitwa New Zealand, akikomaa huwa na kilo 4 hadi 5 hivi. Nikampigia rafiki yangu simu kumuuliza alikuwa anamlisha nini. Akajibu kwa fahari kabisa: "Sikumnyima kitu, bwana. Mkate, maandazi, ndizi, pumba, na karoti kila siku."

Sikumnyima kitu. Ugomvi wangu unaanzia hapo.

Sisi ni watu wa ajabu. Mtu akirudi likizo na kitambi tunampongeza: "Umenawiri, maisha yamekunyookea!" Akirudi mwembamba tunanong'ona. Mzani huohuo tumeupeleka kwa wanyama. Mgeni akija, tunamtoa sungura bandani tumwonyeshe alivyo mnene, kama vile unene wake ni cheti cha ukarimu wetu. Kumbe ni hati ya mashtaka.

Na sisi tuliosoma ndio wabaya zaidi. Mkulima wa kijijini anamrushia sungura majani kwa sababu hana mkate wa kuchezea, na bila kujua anamtendea haki. Sisi tumeona katuni ya Bugs Bunny, ambaye yupo kwenye filamu tangu mwaka 1940, tukaamini kwamba sungura na karoti ni kama samaki na maji. Karoti ni mzizi wenye sukari. Kwa sungura ni peremende. Kipande kidogo mara mojamoja, sawa. Kila siku, mnamharibu.

Sungura ni mla nyasi. Nyasi si kitu cha kumtupia ukikumbuka, ndicho chakula chake hasa. Kama sehemu nane katika kumi za anachokula ni nyasi, mbichi au kavu, tumbo linakwenda sawa. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, na kinachoyasaga ni utafunaji wa nyasi ngumu. Mkate haumsaidii kitu hapo.

Watu wa Ufipa tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Wazee wetu wa huko juu walilima kwa ntumba: nyasi zinafunikwa kwa udongo, zinaozea mle ndani, na kilichokuwa magugu kinakuwa rutuba. Tumbo la sungura lina ntumba yake. Mwishoni mwa utumbo mwembamba kuna mfuko mkubwa wenye vijidudu vinavyochachusha nyasi na kutengeneza vitamini. Kisha sungura hutoa kinyesi laini chenye umbo la kishada, hukipokea kwa mdomo na kukila ili apate ile rutuba. Msikunje uso, ndivyo alivyoumbwa. Sasa mjazie mfuko ule pumba na maandazi: vijidudu vibaya vinastawi, gesi inajaa. Na sungura hawezi kutapika. Kikiingia, kimeingia.

Mheshimiwa hakuweza hata kukifikia hicho kinyesi. Tumbo lilimzuia. Kilikuwa kinamgandia kwenye manyoya ya nyuma, nzi wanamzunguka. Nzi wakitaga mayai pale, funza wanaweza kumla akiwa hai. Huo ndio upendo wa "sikumnyima kitu".

Lakini nisijifanye msafi. Kosa la pili nililifanya mimi mwenyewe.

Jamaa mmoja, msomi mwenzetu, aliniambia: "Mnyime chakula wiki moja tu, kitambi kitaisha." Nikaona ni busara. Siku ya kwanza nikamwekea maji na nyasi basi. Yeye nyasi alikuwa hazijui, akazinusa akageuza kichwa. Siku ya pili asubuhi bandani hakukuwa na kinyesi hata punje. Mheshimiwa kajikunyata pembeni, macho nusu, meno anayasaga kwa maumivu. Nikampigia afisa mifugo. Alinifokea, na nilistahili: "Kijana, unamuua! Huyo si mbuzi."

Akanieleza jambo ambalo ningependa kila mfugaji alijue. Sungura akikaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, hiyo ni dharura. Utumbo wake unasimama. Na akiwa mnene ni hatari zaidi, maana mwili ukianza ghafla kuyayeyusha yale mafuta, yanalifurika ini na kulilemea. Yaani anaweza kufa njaa huku kajaa mafuta. Nilirudisha haraka pumba alizozizoea, kiasi kidogo, pamoja na majani mabichi yenye maji, nikakaa naye mpaka usiku. Karibu saa nne usiku niliona vidonge vitatu vya kinyesi sakafuni. Wandugu, sijawahi kufurahia kinyesi namna ile.

Kwa hiyo wanaomjaza na wanaomnyima ni walewale. Wote wanataka matokeo ya haraka bila kumsikiliza mnyama mwenyewe. Nilichokuja kufanya ni hiki, na hakikunigharimu karibu chochote.

Kwanza, chakula kilibadilika polepole. Chakula cha zamani nilikipunguza kidogokidogo kwa wiki mbili, huku nyasi zikiwepo mbele yake usiku na mchana bila kipimo. Nyasi za bonde letu nilizianika, nikachanganya na majani ya mpunga yaliyojaa huku baada ya mavuno. Jioni, konzi ya matembele. Karoti ikawa zawadi. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo, majani ya mparachichi, vitunguu na maharage mabichi, marufuku kabisa. Kila Jumamosi tulikwenda kwenye mizani. Lengo ni apungue taratibu, si kwa mashindano.

Pili, alipewa nafasi ya kuzoea. Mnyama aliyehamishwa ana hofu, na hofu peke yake inaweza kumzuia asile. Nilimwekea boksi lenye matundu mawili ajifiche, nikawakataza watoto kumshika kwa siku kadhaa. Tukikaa naye, tunakaa sakafuni, anakuja mwenyewe. Na jamani, tuache kumnyanyua sungura kwa masikio! Siyo mpini. Unaweka mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Akirusha mateke bila kushikwa nyuma anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Sakafu ya waya nayo humchubua nyayo, hasa mwenye uzito, kwa hiyo nilimtandikia majani makavu.

Tatu, joto. Sumbawanga mjini iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Rukwa liko kama mita 800. Kwa kawaida ukiteremka mita 1,000 joto huongezeka kwa takriban nyuzi 6. Sungura hatoki jasho kama sisi, joto hulitoa zaidi kwa masikio. Mheshimiwa alikuwa kavaa koti la mafuta ndani ya koti la manyoya, nami nimemteremsha bondeni mchana wa jua kali ndani ya tenga. Nilipaswa kusafiri naye alfajiri. Sasa banda liko chini ya mwembe, maji yako kwenye bakuli zito la udongo, na mchana nampangusa masikio kwa kitambaa kibichi. Asili ya sungura wa kufugwa ni Hispania na Ureno, ambako mchana hujichimbia shimoni na kula alfajiri na jioni. Sungura wa hekaya zetu, yule mjanja wa porini, ni ndugu yake tu, si yeye. Msimdai ujanja wa bondeni.

Najua swali linalokuja, maana baba mdogo aliniuliza uso kwa uso: "Wewe, watu wanahangaika na mlo, unampimia sungura kilo? Hicho ni kitoweo." Sikumdharau, ni swali la haki. Nilimjibu hivi: baba mdogo, ningeendelea kumpa mkate na maandazi ndipo ungenilaumu kwa kumpokonya binadamu chakula. Mimi nampa nyasi. Na hata anayefuga kwa kitoweo hapati faida: jike lililonenepa kupita kiasi hushika mimba kwa shida, na likishika linaweza kuugua na kufa karibu na kuzaa. Wafugaji waliojaa bonde hili na ng'ombe zao, umemwona nani akimpa ng'ombe maandazi? Baba mdogo alicheka, akaniambia nimekuwa mwanasheria wa sungura.

Basi na iwe hivyo. Sheria yenyewe tunayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtwisha mwenye mnyama jukumu la kumtunza. Lakini hakuna askari atakayekuja bandani kwako kupima kitambi. Hapo ni wewe na dhamiri yako.

Imepita miezi mitatu. Mheshimiwa ana kilo 5 na nusu. Bado mnene, safari inaendelea. Ila wiki iliyopita, jua likizama nyuma ya Lyamba lya Mfipa, alikimbia uani, akaruka juu na kujipinda hewani, akatua, akatutazama kama anayetuuliza tunashangaa nini. Kisha akajilamba mgongo, na mdomo ukafika.

Wewe uliyemfungia sungura wako na mkate wa asubuhi, nenda kamguse mbavu sasa hivi. Kama huzipati kwa vidole, usijisifu kwamba hujamnyima kitu. Umemnyima nyasi.

Naomba kuwasilisha.