Anayefungua Redio si Mharibifu

Ipo kasumba moja ambayo Uhuru wa mwaka 1961 haukuifuta, na ambayo hadi leo imejificha vichwani mwa baadhi ya watu waliosoma. Ni kasumba ya kuamini kwamba mwenye akili hushika kalamu, na kwamba anayeshika bisibisi ni yule aliyeshindwa darasani. Kasumba hiyo ndiyo inayomfanya mwalimu wa fizikia, aliyefundisha asubuhi nzima juu ya mkondo wa umeme, amchape viboko jioni mwanafunzi aliyekutwa bwenini na redio iliyofunguliwa. Ndiyo pia inayomfanya mtumishi wa ofisi aone haya kutengeneza kitasa cha nyumba yake mwenyewe. Atamngoja fundi wiki nzima, huku mlango umefungwa kwa kamba.

Ubaya wa kasumba hii huonekana vizuri zaidi mbali na miji mikubwa. Itazamwe Mbangala, kata ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa ulioundwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Kutoka huko hadi kwenye maduka ya vipuri ya Tunduma au ya Mbeya mjini ni safari, na safari ni nauli. Mahali kama hapo redio ikinyamaza, ama itatupwa, ama atatokea mtu wa kuifungua. Mtu huyo mara nyingi ni kijana ambaye hakuna aliyemtuma. Huokota tochi mbovu, akatoa vitaa vyake vya LED, ambavyo kila kimoja huhitaji volti zipatazo 3, akaviunga vinne kwa mfululizo ili betri ya gari ya volti 12 iviwashe pasipo kuviunguza. Jikoni kwa mama yake panapata mwanga. Wazee wameanika betri za redio juani tangu zamani. Yeye huuliza kwa nini zinapata nguvu kidogo kisha zikafa tena, na jibu lake, kwamba joto huchochea mabadiliko ya kemikali yaliyobaki ndani ya betri, ni somo la kemia ambalo wengi hulikariri bila kulishika.

Je, kijana huyo huitwa nani? Huitwa mharibifu. Baba humfokea kwa kumalizia redio, jirani humcheka, na mwalimu huandika katika ripoti kwamba hana bidii ya masomo.

Aibu huzidi mtu akikumbuka utajiri wa wilaya hiyo hiyo. Katika Mlima Ngwala, Wilayani Songwe, yapo madini adimu ya neodimiamu na praseodimiamu, na leseni maalumu ya kuyachimba ilitolewa mwaka 2023. Madini hayo ndiyo yanayotengenezea sumaku kali za mota za magari ya umeme na za spika ndogo zilizomo ndani ya simu. Dunia inayataka madini ya Songwe ili itengeneze sumaku. Mtoto wa Songwe akiifungua spika aione sumaku, anapigwa. Nchi inayotoa udongo na kununua vyombo haiwezi kusema imejitegemea, hata kama udongo wake una thamani kiasi gani.

Wapo watakaosema kwamba michezo hii huchoma nyumba. Hoja hiyo ina ukweli, na haifai kupuuzwa. Umeme wa volti 230 huua. Anayeweka waya mnene mahali pa fyuzi iliyokatika ameiondoa silaha pekee ya kuilinda nyumba. Anayechaji betri ya gari chumbani pasipo dirisha hukusanya gesi ya haidrojeni, ambayo cheche moja yatosha kuilipua. Kwa sababu hiyo sheria inafanya vyema kudai kwamba nyaya za umeme wa nyumba zifungwe na mwenye leseni ya EWURA, na vishoka hawastahili kutetewa na mtu yeyote. Lakini redio ya betri mbili kavu si umeme wa gridi. Na kijana aliyepigwa kwa kuifungua haachi. Hujificha, akafanya usiku, peke yake, bila mtu wa kumwonya. Hatari huzaliwa pale udadisi unapokosa mwalimu.

Mfano haupo mbali. Ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi, alikozaliwa William Kamkwamba mwaka 1987. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 ilimwondoa shuleni kwa kukosa ada. Akaingia maktaba ndogo ya kijiji, akasoma juu ya nishati, akajenga kinu cha upepo kwa feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dainamo na miti ya mkalitusi. Majirani walidhani amerukwa na akili, mpaka taa ilipowaka. Kilichomwokoa ni vitabu vichache na ukosefu wa mtu wa kumnyang'anya vyuma vyake.

Waliopewa dhamana hawana budi kuchukua hatua. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilionya dhidi ya shule inayomtenga mwanafunzi na maisha ya jamii yake, na mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari. Maneno hayo yatabaki karatasini ikiwa mwalimu hatatenga saa moja kwa juma, akaweka mezani redio mbovu, akawaacha wanafunzi waifungue mbele yake. Mkuu wa ofisi naye atazame stoo yake, ambamo redio, kompyuta na feni mbovu zinaoza kwa miaka. Taratibu za Serikali za kuondosha mali chakavu zipo, na shule ni mahali pazuri pa kuzipeleka. Ofisa wa kata anayemkuta kijana na kibanda cha ufundi aanze kwa kumwelekeza kabla ya kumfungia, kwa maana VETA inao utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa.

Hakuna katika hayo linalongoja bajeti mpya. Linalongojewa ni msomi akubali kuchafua mikono, na akome kumwadhibu anayemzidi ujasiri. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Redio iliyoharibika mikononi mwa mtoto ni hasara ya siku moja. Mtoto aliyefundishwa kuogopa kuigusa ni hasara ya maisha, naye akikua atawafundisha wanawe woga huo huo.