MFUNGWA NI MTU

Ndugu wafanya kazi,

Wako wasemao, "Aliye jela amejitakia." Maneno hayo ni mabaya.

Wakati wa ukoloni jela za Kenya zilipima chakula kwa rangi: Mzungu chake, Mhindi chake, Mwafrika chake, nacho cha Mwafrika ndicho duni. Na huko India ubaguzi kama huo uliendelea miaka mingi baada ya Uhuru: aliyezaliwa tabaka la juu apike, wa chini asafishe vyoo. Tarehe 3 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya India ilikata kwamba kanuni hizo ni batili, kwani zavunja heshima ya mtu.

Je, sisi wa Makongeni, Kaloleni na Bahati tuwacheke? Hapana! Kwetu rangi imeondoka, mfuko umekaa mahali pake. Wawili washikwa kwa kosa moja: mwenye fedha alipa dhamana alale kwake, kibarua alala rumande hata kazi yake yapotea.

Katiba ya 2010, kifungu cha 28, yasema kila mtu ana heshima ya kuzaliwa nayo. Kifungu cha 51 chasema hata mfungwa hanyang'anywi haki zake, ila zile zisizopatana na kufungwa. Kifungu cha 49 chakataza kumweka rumande mtu ambaye adhabu ya kosa lake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita.

Ndugu, zishike namba hizi kama namba yako ya kazi. Mwenzako akishikwa, usiseme "shauri yake." Nendeni kortini, mkazitaje. Haki isiyodaiwa hailetwi nyumbani.

Umoja ni nguvu.