Mizani ya Majaji: Funzo la Surya Bonaly

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii huwa tamu kwa mchezaji ambaye kwao hapana shaka. Je, yule ambaye umahiri wake unatambuliwa na wote, lakini namna yake ya kucheza haina jina katika kitabu cha majaji, hutunzwa na nani?

Swali hili linajitokeza katika maisha ya Surya Bonaly, mwanamke mweusi aliyezaliwa Nice, Ufaransa, mwaka 1973, na kung'aa katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu, mchezo ambao mabingwa wake wengi walikuwa Wazungu. Alikuwa bingwa wa Ufaransa mara tisa na bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, kuanzia 1991 hadi 1995. Hata hivyo, katika Mashindano ya Dunia aliishia nafasi ya pili mara tatu mfululizo: 1993, 1994 na 1995.

Ili kuelewa kisa chake, ni sharti kuelewa jinsi mchezo huo ulivyopimwa enzi hizo. Kila jaji alitoa alama mbili, ya juu kabisa ikiwa 6.0. Moja ilikuwa ya ufundi: miruko, mizunguko na ugumu wake. Ya pili ilikuwa ya uwasilishaji, yaani madaha, ulinganifu na muziki, na mvuto wa jumla. Mruko huhesabika, madaha hayahesabiki. Katika alama hii ya pili ndimo ladha ya jaji ilimopata makao. Bonaly alisifiwa kwa nguvu na kulaumiwa kwa kukosa ulaini, kana kwamba nguvu haiwezi kuwa aina ya uzuri.

Mwaka 1994 mjini Chiba, Japani, alishindwa na Yuka Sato kwa tofauti ya jaji mmoja: watano dhidi ya wanne. Bonaly alisimama kando ya jukwaa la washindi, kisha akaivua medali aliyovishwa. Watazamaji walimzomea. Sato alistahili heshima yake na hakuwa na kosa lolote. Lakini chozi la Bonaly halikuwa la medali moja tu.

Miaka minne baadaye, katika Olimpiki ya Nagano, Bonaly alikuwa amewahi kuumia vibaya kano ya kisigino na matumaini ya medali yalikuwa yamefifia. Katikati ya onyesho lake alipiga pindu kinyumenyume na kutua kwa mguu mmoja. Mruko wa aina hiyo ulikuwa umepigwa marufuku tangu miaka ya 1970, baada ya Mmarekani Terry Kubicka kuufanya katika Olimpiki ya 1976. Sababu zilizotajwa zilikuwa hatari yake, na kwamba aliyeufanya hutua kwa miguu miwili ilhali miruko halali hutua kwa mmoja. Bonaly aliijibu hoja hiyo ya pili kwa mwili wake. Majaji walimkata alama, naye akamaliza wa kumi. Tara Lipinski wa Marekani, aliyekuwa na umri wa miaka 15, alitwaa dhahabu.

Yamkini atatokea wa kusema kuwa sheria ni msumeno: Bonaly aliijua na akaivunja, tena alikuwa ameanguka katika onyesho hilohilo. Hoja hii ina mashiko. Majaji wa Nagano hawakuwa na hiari ila kumwadhibu. Lakini kuitii sheria si sawa na kuthibitisha kuwa sheria ni ya haki. Mwaka 2024 chama cha kimataifa cha mchezo huo kiliiondoa marufuku hiyo. Barafu haikuwa imebadilika, wala shingo ya binadamu haikuwa imekuwa ngumu zaidi. Kilichobadilika ni mizani.

Neno mizani halina ugeni kwa mwanafunzi wa ushairi. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, walikuwapo walioshikilia kuwa tungo zisizo na vina na mizani si ushairi. Leo tungo hizo zinafundishwa katika vyuo vikuu. Waliomkosoa hawakuwa wajinga. Walikuwa na kipimo kizuri cha kitu kingine.

Hapa ndipo penye jukumu la mhakiki na la mhadhiri anayesahihisha kazi. Kipimo hakiepukiki, kwani bila kipimo hakuna uhakiki, bali mapenzi na chuki tu. Lakini kila anayepima anapaswa kujiuliza: je, kazi hii imepungukiwa, au mizani ndiyo haina jiwe la kuipima? Asiyejiuliza hivyo atakuwa mwaminifu kwa kitabu chake na dhalimu kwa msanii. Marufuku ilipoondolewa, Bonaly alikuwa na umri wa miaka hamsini. Haki iliyochelewa kiasi hicho humnufaisha mrukaji wa kesho. Aliyeruka jana hairudishiwi alama zake.