Bwana Shamba Anasema: Mchanga Katika Gunia la Ufuta



Kazi ya bwana shamba ni mazao. Lakini bwana shamba akisimama chini ya mwembe wa kijiji, haulizwi habari za mazao peke yake. Anaambiwa yote. Mbuzi wa fulani wamekula muhogo wa fulani. Mkutano uliitwa saa tatu, mwenyekiti amefika saa sita. Fulani aliazima bomba la kupulizia mikorosho, amelirudisha halina mpira. Mtu amepanga ndoo 5 kisimani tangu alfajiri, kisha amekwenda zake kunywa chai. Nasikiliza. Mambo haya ni madogo, lakini yanachosha kuliko makubwa. Mafuriko yakija, watu hushikana. Mbuzi akiingia shambani, watu hununiana mwaka mzima.

Mwezi huu nataka kueleza jambo moja dogo la namna hiyo, maana linagusa fedha za kila mkulima. Jambo lenyewe ni mchanga ndani ya ufuta.

Sisi watu wa Kilwa na Lindi tunaujua ufuta. Tunapanda Januari na Februari, tunavuna kuanzia Mei. Mashina hukatwa kabla vitumba havijapasuka. Hufungwa mafungu, na mafungu husimamishwa yakauke. Yakikauka hupinduliwa juu ya turubai na kupigwa kidogo, mbegu zikamwagika. Asiye na turubai hupigia juu ya ardhi tupu, na hapo ndipo mchanga unapoingia. Punje ya ufuta ni ndogo. Ukichota kwa kiganja, huoni upesi kipi ni ufuta na kipi ni mchanga.

Huo ni mchanga wa bahati mbaya. Upo na mchanga wa kusudi. Mtu huchota makopo mawili, akatia katikati ya gunia, juu akafunika kwa ufuta safi. Anasema moyoni: mizani haina macho.

Kweli mizani haina macho, lakini mnunuzi anayo. Zamani kila mtu alipouza chake mlangoni, mchanga wake ulikuwa hasara ya mnunuzi wake. Siku hizi tunauza kwa stakabadhi za ghala. Sheria yake ilitungwa mwaka 2005. Mkulima anapeleka ufuta katika chama cha msingi, unapimwa, anapewa karatasi yake. Magunia ya watu wote yanakwenda pamoja ghala kuu. Wanunuzi hushindana kwa mnada, na bei inayopatikana ni ya wote waliomo katika shehena hiyo. Ufuta wa Tanzania unakwenda mbali, mpaka China na Japani. Huko hawali mchanga. Kwa hiyo mchanga wa jirani yako ni mchanga wako.

Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Tuseme kilo moja ni shilingi 3,000. Mtu ametia kilo 2 za mchanga. Amepata shilingi 6,000 za bure. Anafurahi. Sasa tuseme kijiji kizima kimeleta kilo 40,000. Mnunuzi ameona uchafu, akapunguza shilingi 50 tu katika kila kilo. Kijiji kimepoteza shilingi 2,000,000. Yule ndugu mwenyewe, kama ameleta kilo 300, amepoteza shilingi 15,000 ili apate 6,000. Amejiibia.

Hesabu hii niliiandika kwa chaki kwenye mlango wa ghala la kijiji kimoja, si mbali sana na Nangurukuru. Watu waliisoma. Wengine walicheka. Lakini msimu ule mambo yalikuwa yamekwisha haribika. Taarifa ilikuja kwamba shehena ya kwanza ya kijiji ni chafu. Mkutano ulikuwa wa kelele tupu, kila mtu akimtazama mwenzake. Mzee mmoja akasimama akasema, "Mimi mwakani nauza kwa kangomba. Bora nipunjwe na mgeni kuliko kuibiwa na ndugu yangu." Alipigiwa makofi.

Wasomaji wa mikoa mingine huenda hawamjui kangomba. Huyu ni mnunuzi wa siri, apitaye majumbani. Anapima kwa chombo chake, anatoa fedha papo hapo, kwa bei ya chini. Mara nyingi anatoa hata kabla mazao hayajavunwa. Sheria inamkataza. Lakini mzee yule sikumlaumu. Malipo ya chama huchelewa, na njaa haichelewi. Nilichokiogopa ni kingine. Nusu ya kijiji ikiondoka, shehena inakuwa ndogo, chama kinakufa, na kangomba akibaki peke yake sokoni hatakuwa na haraka ya kupandisha bei. Wote tungeona hivyo mwaka uliofuata.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Hakuna aliyekamatwa. Siku ya kupima shehena ya pili, mama mmoja mjane, ambaye asubuhi huuza vitumbua, alikuja na magunia yake mawili na chekeche. Chekeche hilo amelitengeneza mwenyewe. Mbao ni za sanduku kuukuu, wavu ni ule wa waya wa kuzuia mbu dirishani. Mchanga laini unapita, ufuta unabaki juu. Vijiwe vinavyobaki pamoja na ufuta unaviondoa kwa ungo. Ufuta wake ulikuwa umekwisha chekechwa nyumbani, lakini aliuchekecha tena mbele ya watu. Kisha akashika upande mmoja wa chekeche akauliza, "Nani anafuata?"

Watu walitazamana. Mwishowe mmoja akaja, akaja na mwingine. Mama yule aliushika upande wake mpaka adhuhuri. Mchanga ukawa kichuguu kando ya ghala.

Mchana akafika kijana na magunia matatu juu ya baiskeli. Mawili yalipimwa. Kabla la tatu halijawekwa kwenye mizani, akamwambia karani, "Hili liache, kaka. Hili tulipigia chini." Akalifunga tena kwenye baiskeli akaondoka nalo. Kesho yake alirudi. Gunia lilikuwa limepungua kilo 4. Karani aliandika uzito mpya, akamkatia karatasi yake, basi. Nilikuwapo, nami sikusema neno. Kumsifu mtu mbele ya wenzake waliotia mchanga ni kumtafutia maadui.

Lakini jioni ile watu wawili walikuja kuchukua magunia yao yaliyokuwa yakingoja kupimwa. Hawakusema sababu, wala karani hakuuliza. Na siku ya tatu nilimwona mzee wa kangomba ameshika upande wa pili wa chekeche. Nilipomsalimu alisema amekuja kutazama tu.

Sitaki kuwadanganya kwamba shehena ile ilipata bei ya juu kuliko zote. Haikupata. Lakini haikuandikwa chafu, na mwaka uliofuata chama kilikuwa bado kipo.

Katika taarifa yangu ya kila mwezi nina nafasi ya kuandika wadudu, magonjwa ya mimea na uharibifu wa wanyama. Ubwiriunga wa mikorosho una nafasi yake. Hakuna nafasi ya kuandika mtu aliyerudisha gunia lake nyumbani. Nadhani hata midomo yetu ni kama fomu hiyo. Mwezi Mei 2024, mvua za wakati wa kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, abiria walikwama. Mmoja wao alinieleza mambo mawili. La kwanza, mtu alimwuzia chupa ya maji kwa bei mara tatu. La pili, nyumba moja ilimpa mkeka wa kulalia na haikumwuliza hata jina. Habari ya maji ilichukua robo saa, na matusi ndani yake. Habari ya mkeka ilikwisha kabla sijawasha pikipiki.

Wakubwa huandikwa. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa. Aliandika habari za Sultani al-Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa sababu ya wingi wa zawadi zake. Maskini mmoja alimwomba sultani nguo alizovaa, na sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Karibu miaka 700 imepita na bado tunaisoma habari hiyo. Ni habari njema. Lakini sultani alikuwa na nguo nyingine ndani. Kijana wa gunia la tatu alikuwa na kilo 4 pungufu, na ada ya shule ya mdogo wake.

Kadhalika yuko mfugaji mmoja. Tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji wengi walipohamia huku baada ya kuondolewa Ihefu, kesi za ng'ombe kula mashamba zimetuchosha sote, na nyingine zimemwaga damu. Ng'ombe wa huyu waliingia usiku katika ufuta wa mtu. Kabla ya adhana ya alfajiri alikwenda mwenyewe kubisha hodi. "Mzee, amka, twende ukaone walipokula." Walipima hatua kwa miguu, wawili tu, kwa taa ya simu. Malipo yalikwisha kabla mwenyekiti hajajua. Nami niliyasikia baada ya miezi 2, tena kwa kuuliza habari nyingine.

Chekeche la yule mama sasa linatundikwa nyuma ya mlango wa ghala, na kila mtu analichukua. Wavu wake umetoboka pembeni, na ufuta unapita pamoja na mchanga. Mwenye kipande cha wavu wa dirishani, hata cha hatua moja, ampelekee katibu wa chama kabla ya mwezi wa Mei.